Safu ya ushauri: Euro 6,170 kabla ya kukabidhiwa funguo

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni muuguzi kutoka Tanzania, nipo Hannover, Ujerumani, tangu mwaka jana. Nafanya kazi hospitalini kama msaidizi huku nikisubiri cheti changu kitambuliwe, na mshahara unaoingia benki baada ya makato ni kama euro 1,900. Hadi sasa nakaa bweni la wafanyakazi, lakini muda wangu wa bweni unakaribia kwisha na lazima nipate pangu.

Nimeona nyumba kwenye tangazo la mtandaoni: chumba na sebule, mita za mraba 48, ghorofa ya tatu, jengo la zamani. Kodi ni euro 540, na juu yake kuna euro 80 wanazoziita Nebenkosten, yaani gharama za kuendesha jengo. Jumla 620, nikaona naimudu. Kisha dalali akanitumia orodha ya kulipa kabla ya kupewa funguo. Kodi ya mwezi wa kwanza, 620. Amana ya miezi mitatu, 1,620, yote kwa mkupuo. Ada ya dalali, kodi ya miezi miwili na VAT juu yake, 1,285.20. Jiko, makabati na mapazia ya mpangaji anayehama, 2,400, na ameniambia asiyenunua hapewi nyumba. Kuandaa mkataba, 95. Halafu kuna "uhakiki wa mwombaji", 150, ambayo anataka niilipe kabla hata ya kwenda kuiona nyumba. Nikijumlisha napata euro 6,170.20.

Dar nilizoea kulipa kodi ya miezi sita mbele na dalali kumpa mwezi mmoja, kwa hiyo mwanzoni sikushtuka. Sasa wenzangu kazini wamegawanyika. Mmoja anasema lipa haraka, huku nyumba hazipatikani. Mwingine anasema huo ni wizi mtupu. Naomba unieleze yapi ni halali, nikikataa kulipa itakuwaje, na kama kweli nyumba hii naiweza kwa mshahara wangu.

Muuguzi, Hannover

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa pilika za kuhama.

Usilipe hata senti moja wiki hii. Katika orodha uliyoletewa, deni lako halali siku upangaji unapoanza ni euro 1,160: kodi ya mwezi wa kwanza 620, na theluthi ya amana, 540. Sehemu nyingine haikupasi kudaiwa kabisa, nyingine muda wake bado, na jiko ni biashara ya kupatana bei. Nitayapitia yote, lakini nitakaa zaidi kwenye zile euro 80, kwa sababu zinanitia wasiwasi kuliko hata ada ya dalali.

Hiyo 150 ya "uhakiki" ikatae leo. Sheria ya udalali wa nyumba za kuishi nchini Ujerumani haimruhusu dalali kutoza ada ya usajili, ya fomu wala ya kukuonyesha nyumba. Dalali hulipwa kwa jambo moja tu, mkataba uliosainiwa kwa juhudi zake, na hata hapo hulipwa na aliyemtuma. Fedha inayodaiwa kabla hujakanyaga kizingiti mara nyingi ni dalili ya utapeli. Mtindo wa matapeli wa huko unajulikana: mwenye nyumba "yuko nje ya nchi", funguo zitakuja kwa posta, fedha itumwe kwa njia ambayo haiwezi kurudishwa, au kampuni fulani ya mtandaoni "itaishika" mpaka uridhike. Picha huwa nzuri na kodi huwa chini kuliko ya majirani. Nenda ukaione nyumba ukiwa na mtu, soma majina kwenye kengele za mlangoni, msalimie jirani umuulize kama kweli kuna anayehama. Wakikataa usiione mpaka ulipe, achana nao.

Kinachotakiwa kwa mwombaji ni vielelezo: hati za mshahara za miezi 3 ya mwisho, mkataba wa kazi, kibali cha kuishi, na taarifa ya Schufa, ile ya kuonyesha kama una madeni. Bweni likikupa barua kwamba hudaiwi kodi, iambatishe. Kwa mgeni ina uzito mkubwa. Kuhusu Schufa kuna njia mbili. Cheti kinachotengenezwa mahsusi kwa wenye nyumba kinauzwa euro 29.95 na unakipata papo hapo mtandaoni. Nakala ya taarifa zako zote ni bure kwa mujibu wa sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, ila inakuja kwa posta na inaweza kuchukua wiki kadhaa, tena ina mambo mengi ya faragha ambayo mwenye nyumba hayamhusu. Kwa kuwa una haraka, nunua cheti kimoja na ukitumie kwa nyumba zote utakazoomba. Usitume nakala za kitambulisho na mishahara kwa kila tangazo unaloliona. Zitoe ukishaiona nyumba na ukishaambiwa kwamba unafikiriwa.

Sasa dalali. Tangu tarehe 1 Juni 2015 kanuni ni kwamba aliyemwagiza dalali ndiye anayemlipa. Mpangaji hulipa pale tu alipompa dalali kazi kwa maandishi, na dalali akatoka kwenda kutafuta nyumba hiyo kwa ajili ya mpangaji huyo peke yake. Nyumba yako ilikuwa kwenye tangazo kabla hujampigia, maana yake tayari alikuwa nayo kutoka kwa mwenyewe. Hata akikusainisha fomu ya kumwagiza leo, nyumba hiyo haigeuki kuwa ya kutafutiwa wewe. Hesabu yake ya miezi miwili na VAT ya asilimia 19 ni kiwango halali kabisa cha juu, 1,080 na 205.20, ila kinamhusu mpangaji aliyemwagiza dalali mwenyewe, na huyo si wewe. Mkataba wa nyumba usainiwe bila fedha hiyo. Akikubana, mwombe ankara yenye jina, anwani na sababu ya malipo. Wengi huishia hapo, kwa sababu kudai kinyume cha sheria hii kuna faini.

Najua jibu la mwenzako: ukibishana, nyumba atapewa mwingine. Hilo linatokea, na sitakudanganya kwamba haki yako itakufungulia mlango kila mara. Ila kuna namna ya kuenenda. Kabla ya kusaini, jibu kwa adabu na kwa ufupi, uliza tu malipo haya yanamhusu nani, na jitahidi kuzungumza na mwenye nyumba moja kwa moja. Mara nyingine yeye hajui kwamba dalali anatoza pande mbili. Ikifika mahali huna budi kulipa ili usilale nje, lipa kwa benki, kamwe usitoe taslimu, na kwenye maelezo ya malipo andika "unter Vorbehalt". Maneno hayo mawili yanaonyesha kwamba umelipa bila kukubali deni. Mtu akilipa kitu akijua hadaiwi, anaweza kujikuta hawezi kukidai tena. Ukiweka sharti hilo unabaki na haki yako. Kudai kurudishiwa una muda wa miaka 3, na hesabu huanza mwisho wa mwaka uliolipa.

Zile 95 za kuandaa mkataba zina majibu mafupi. Kuandika mkataba ni kazi ya mwenye nyumba au meneja wake na gharama ni yake. Vivyo hivyo kukukabidhi funguo, kukagua nyumba siku ya kuhama, na kukupa ile fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi hapo, inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Fomu hii ifuatilie siku hiyohiyo ya kuingia, maana una wiki 2 tu za kujiandikisha kwa anwani mpya katika ofisi ya wakazi, na bila hiyo hawakuandikishi. Mwenye nyumba analazimika kuitoa, tena bila ada.

Amana, au Kaution kama ilivyo kwenye mkataba, ni halali kwa kiwango walichotaja. Ukomo wake ni kodi ya miezi mitatu, na kodi inayohesabiwa ni ile tupu isiyo na Nebenkosten, yaani 540 mara 3. Wangekuambia 1,860 wangekuwa wamekosea. Kosa lao ni mkupuo. Kifungu cha 551 cha sheria ya madai ya Ujerumani kinampa mpangaji haki ya kulipa kwa awamu 3 zinazolingana: ya kwanza upangaji unapoanza, ya pili na ya tatu pamoja na kodi za miezi miwili inayofuata. Kipengele cha mkataba kinachosema "yote kabla ya funguo" hakikufungi, hata kama umekisaini. Ndiyo maana kwenye jambo hili huna haja ya kubishana kabla ya saini. Saini, kisha tuma ujumbe wa mstari mmoja: "Die Kaution zahle ich gemäß § 551 BGB in drei Raten", yaani, amana nitailipa kwa awamu tatu kwa mujibu wa kifungu hicho cha 551. Halafu lipa awamu zako kwa wakati bila kukosa hata moja, kwa sababu deni la amana likifika kiasi cha kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba anaweza kukuvunjia mkataba papo hapo.

Utaona pia matangazo ya kampuni za kukudhamini badala ya amana: unalipa kiasi kidogo kila mwaka, nayo inamwandikia mwenye nyumba hati. Kwa hali yako sikushauri. Kile unacholipa hakirudi, na kampuni ikimlipa mwenye nyumba kwa uharibifu, itakugeukia wewe. Amana yako mwenyewe ni mali yako. Mwenye nyumba anatakiwa kuiweka mbali na fedha zake, kwenye akaunti yenye riba, na riba hiyo ni yako.

Jiko la 2,400 linahitaji macho makali. Nyumba nyingi za kupanga Ujerumani hukabidhiwa tupu kweli: jikoni hakuna jiko, sinki wala kabati, darini zinaning'inia nyaya bila taa. Anayehama huuza vyake kwa anayeingia, na hilo si kosa. Swali la kwanza ni vitu hivyo ni vya nani. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi kama jiko ni mali yake. Kama ni lake, linaingia kwenye kodi, likiharibika anatengeneza yeye, na mpangaji anayehama hana cha kukuuzia. Kama ni la mpangaji, omba orodha: kila kitu, kimenunuliwa mwaka gani, kwa bei gani, picha na risiti. Sheria inasema bei ikizidi mno thamani halisi, ile ziada haina nguvu, na mahakama kuu ya Ujerumani imeweka kipimo: zaidi ya nusu juu ya thamani ndiyo imezidi mno. Vitu vyenye thamani ya euro 1,000 leo vinaweza kuuzwa hadi 1,500. Kinachozidi hapo unaweza kukikataa au kukidai baadaye. Jiko la miaka 10, friji inayonguruma na mapazia havifiki 2,400. Fedha ya kumpa mtu ili tu ahame, bila kitu unachopokea, hairuhusiwi kabisa.

Ukiafikiana naye, andikeni karatasi ya mauziano yenye orodha hiyo, na iseme wazi kwamba haina nguvu mpaka upate mkataba wa nyumba. Jaribu plate zote na oveni, fungua bomba uangalie chini ya sinki. Na kumbuka kuwa ukinunua jiko, siku ya kuhama ni wewe utakayelibomoa na kulitoa, isipokuwa anayekufuata alichukue. Kama bei haishuki, heri jiko dogo la plate mbili na friji iliyotumika kwa miezi ya mwanzo.

Nimefika kwenye euro 80.

Nebenkosten ni gharama za kuendesha jengo ambazo mwenye nyumba anaruhusiwa kuzihamishia kwa wapangaji: maji safi na taka, uzoaji taka, kodi ya ardhi, bima ya jengo, usafi na taa za ngazi, lifti, mtunza jengo, na joto ikiwa jengo lina mtambo mmoja wa pamoja. Kinacholipwa kila mwezi kwa kawaida ni cha kutanguliza. Mara moja kwa mwaka hufanywa hesabu ya matumizi halisi, na tofauti inarudi kwako au inatoka kwako. Hapo ndipo wageni wengi huumia: mwaka wa kwanza wanaishi kwa raha, wa pili inaingia barua inayodai mamia ya euro ndani ya siku 30.

Euro 80 kwa mita 48 ni kama euro 1.67 kwa mita. Ukiona chini ya euro 2, shuku kwamba joto halimo. Jengo la zamani, ghorofa ya tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba ina boila yake ya gesi, limetundikwa jikoni au bafuni. Hapo mkataba wa gesi unaufunga wewe na kampuni, na bili yake haipo kabisa kwenye zile 620. Ukienda kuiona nyumba, litafute boila kwa macho. Kisha omba hati ya nishati, ambayo mwenye nyumba analazimika kuionyesha wakati wa kutazama nyumba. Ina namba ya kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa mwaka. Ikiwa ni 140, zidisha kwa 48 upate 6,720. Gesi ikiwa senti 12 kwa kilowati-saa, unapata kama euro 806 kwa mwaka, yaani 67 kwa mwezi. Ni makadirio tu, lakini yanakutoa gizani. Namba ikiwa 200 na zaidi, gharama inafika euro 96 kwa mwezi au kuzidi, na mimi ningefikiria mara mbili.

Uliza na maji ya moto yanapashwa na nini. Kama kuna kifaa cha umeme bafuni kinachopasha maji yanapopita, bili ya umeme inapanda sana. Omba pia kuona hesabu ya mwaka jana ya mpangaji anayehama; ni karatasi moja au mbili, na mtu asiye na la kuficha hukuonyesha. Mwisho, angalia neno lililo pembeni ya 80 kwenye mkataba. Likiwa Vorauszahlung, ni malipo ya kutanguliza na hesabu itakuja. Likiwa Pauschale, ni kiasi cha jumla kisicho na hesabu ya mwaka.

Barua ya hesabu itakapokuja, iangalie kwa mambo matatu. Tarehe: mwenye nyumba ana miezi 12 tangu mwisho wa kipindi cha hesabu kuileta, akichelewa, hawezi tena kukudai nyongeza, ila wewe ukiwa na cha kurudishiwa bado ni chako. Vipengele: gharama za utawala, ada za benki na matengenezo hazikuhusu, na tangu 1 Julai 2024 hata ada ya televisheni ya kebo haitakiwi kuwemo. Na risiti: una haki ya kuziona zote, na muda wa miezi 12 wa kupinga baada ya kupokea barua.

Sasa hesabu ya mwezi. Kodi na Nebenkosten 620. Gesi tuseme 67. Umeme wa mtu mmoja anayetumia kilowati-saa 1,500 kwa mwaka, kwa senti 35, ni kama 44. Ada ya redio na televisheni ya umma ni euro 18.36 kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo; wanaikata kwa miezi mitatu mitatu, na ukiishi na mwenzio mnalipa moja. Intaneti 35. Bima ya dhima binafsi, ile inayolipa ukimharibia mtu mali yake, kama euro 5. Jumla ni karibu euro 790, zaidi kidogo ya asilimia 40 ya mshahara wako. Inabana, hasa kama unatuma fedha nyumbani, lakini inawezekana, na itapumua cheti chako kikitambuliwa na mshahara ukapanda. Ningekuwa na hofu zaidi kama ungeianza nyumba na deni la 6,000.

Bima hiyo ya dhima usiiache kwa sababu ya ugeni. Hakikisha inataja uharibifu wa nyumba ya kupanga na upotevu wa funguo. Majengo mengi hutumia ufunguo mmoja kwa mlango wa chini na wa ghorofani. Ukiupoteza wanaweza kubadilisha vitasa vya jengo zima, na bili yake hufika maelfu.

Kabla ya kusaini, tafuta vipengele hivi vya mkataba. Matengenezo madogo: mwenye nyumba anaweza kukubebesha vitu unavyovishika kila siku, kama bomba, swichi na vishikio vya madirisha, lakini lazima mkataba uweke ukomo kwa kila tukio, kwa kawaida karibu euro 100, na ukomo wa mwaka pia. Fundi akidai zaidi ya ukomo, mwenye nyumba analipa bili yote; huchangii hata ile sehemu ya kwanza. Kupaka rangi: ukipokea nyumba haijapakwa na hukulipwa fidia yoyote, kipengele cha kukulazimisha upake unapohama hakina nguvu, kwa hukumu ya mahakama kuu ya Machi 2015. Na kipindi cha kujifunga: kwa kawaida unaweza kutoa notisi ya miezi 3 wakati wowote, lakini mikataba mingine inawazuia wote wawili kuvunja kwa mwaka mmoja au zaidi. Wewe ambaye kazi yako inaweza kuhama, kataa kujifunga zaidi ya mwaka.

Notisi yenyewe huandikwa kwenye karatasi na kusainiwa kwa mkono. Ya WhatsApp au barua pepe haihesabiki. Ikifika kabla ya siku ya 3 ya kazi ya mwezi au siku hiyo yenyewe, mwezi huo unahesabiwa. Ikichelewa siku moja, unalipa mwezi mzima zaidi.

Siku ya kukabidhiwa, nenda mchana kukiwa na mwanga, na uchukue saa nzima. Andikeni hati ya makabidhiano, wote wawili msaini, kila mtu abaki na nakala. Iwe na idadi ya funguo, namba ya kila mita na inasoma ngapi: umeme, gesi, maji, na vile vifaa vidogo kwenye hita za ukutani kama vipo. Piga picha kila ukuta, sakafu, mikwaruzo ya milango, silikoni ya bafuni, pembe za madirisha. Kama nyumba haijapakwa rangi, iandikwe hivyo. Kwa umeme, jiandikishe mapema kwenye kampuni unayoichagua mwenyewe. Usipochagua, unahudumiwa na kampuni ya msingi ya eneo, ambayo mara nyingi ni ghali, ingawa unaweza kuihama kwa notisi ya wiki 2.

Kuna jambo moja linalokula amana za watu waliotoka nchi za joto: ukungu mweusi ukutani. Baridi ikija tunafunga madirisha, tunapika wali na maharage kwa mvuke wa saa nzima, tunaanika nguo chumbani, unyevu unakwenda kukaa kwenye pembe baridi nyuma ya kabati. Fungua madirisha yote wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, huku hita zimezimwa, kisha funga. Dirisha lililoinamishwa kidogo siku nzima linapoza ukuta na kupoteza joto bila kukausha hewa. Kabati likae mbali na ukuta wa nje kiasi cha kupitisha mkono, na hata chumba usichokitumia usikiache kipoe kabisa. Ukungu ukitokea, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi na picha mara moja, kwa sababu huenda chanzo ni bomba au ukuta wa jengo, na ukikaa kimya lawama inakuwa yako.

Amana haina tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye sheria. Miezi 3 hadi 6 baada ya kuhama huonekana ya haki, na sehemu ndogo inaweza kushikiliwa kusubiri hesabu ya Nebenkosten. Madai ya uharibifu yanakufa miezi 6 tangu uliporudisha nyumba, ingawa kwa uharibifu uliotokea kabla ya hapo bado anaweza kuukata kwenye amana, na hapo ndipo zile picha za siku ya kwanza zitakusemea.

Kwa wiki hii, basi: mwandikie dalali kwamba unaomba kuiona nyumba na kwamba ada ya uhakiki hutailipa. Muulize mwenye nyumba kuhusu jiko na boila. Nunua cheti cha Schufa. Soma mkataba wa bweni ujue kama wanataka notisi, na uwaombe wiki mbili za ziada; gharama yake ni ndogo kuliko kusaini kwa hofu. Halafu jiunge na chama cha wapangaji, Mieterverein, kipo Hannover kama kilivyo kwenye miji mingine mikubwa. Ada ya mwaka kwa kawaida haizidi sana euro 100, na wanachama wanasomewa mikataba na wanasheria. Uwapelekee mkataba huo kabla hujausaini, pamoja na orodha ya dalali kama alivyoituma.